Inchi Moja ya Ziada: Skeli na Uzi wa B katika Gitaa la Besi la Nyuzi Tano

Mpiga besi anayetoka kwenye gitaa la nyuzi nne na kuhamia la nyuzi tano hukutana mapema na swali ambalo awali halikumhusu: achukue skeli ya inchi 34 au ya inchi 35? Ataambiwa na muuzaji kwamba bila inchi 35 uzi wa B, yaani ule wa tano ulio mnene na wa chini kuliko wote, hulegea na kutoa mvumo usio na sura. Kisha atakutana na mpigaji wa siku nyingi mwenye gitaa la inchi 34 ambalo B yake inasimama imara, studioni na jukwaani pia. Wote wawili wanasema walichokisikia kwa masikio yao. Tatizo ni kwamba mjadala huu umezoea kuupa mkazo wa uzi kila sifa na kila lawama, ilhali mkazo ni sehemu tu ya habari, tena si ile iliyo kubwa kuliko zote. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba inchi ya ziada huongeza mkazo kwa kiasi kidogo ambacho uzi mnene zaidi ungeweza kukitoa, lakini husafisha sauti ya uzi mnene kwa namna ambayo unene peke yake hauwezi, na kwamba gharama ya usafi huo hulipwa na nyuzi za juu, shingo ya gitaa na mkono wa kushoto.

Skeli ni urefu wa sehemu ya uzi inayotetemeka uzi unapopigwa bila kubanwa, yaani kuanzia nati iliyo chini ya kichwa cha gitaa hadi kwenye kikalio cha uzi juu ya briji. Kwa kuwa vikalio vya briji husogezwa mbele na nyuma wakati wa kurekebisha usahihi wa sauti, njia ya kuaminika ya kuipima ni kuchukua umbali kutoka nati hadi freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyopachikwa kukingama shingo) na kuuzidisha kwa mbili. Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951 aliipa skeli ya inchi 34, sawa na sentimita 86.4, na kipimo hicho kikawa desturi ya karibu kila kiwanda kilichomfuata. Besi fupi huwa na inchi 30 hivi, na besi kubwa ya kusimama, ile inayopigwa pia kwa upinde, huwa na inchi 41 au 42. Kabla ya hesabu yoyote ni vizuri kukumbuka kwamba inchi 34 zilichaguliwa kwa ajili ya ala ambayo nota yake ya chini kabisa ni E, yenye mitetemo 41.2 kwa sekunde. B ya chini haikuwamo katika mpango.

Hata nyuzi zilipoongezwa, B haikuja mara moja. Fender Bass V ya mwaka 1965 ilikuwa na nyuzi tano, lakini uzi wa tano ulikuwa C ya juu. B ya chini ilianza kutengenezewa magitaa nchini Marekani katikati ya miaka ya 1970: fundi Carl Thompson alimtengenezea mpiga besi Anthony Jackson gitaa la besi la nyuzi sita mwaka 1975, na karibu na wakati huohuo kampuni ya Alembic ikamtengenezea mpiga besi Jimmy Johnson la nyuzi tano. Katika miaka ya 1980 sintesaiza zilikuwa zikishuka chini ya E katika rekodi nyingi, wapiga besi wakahitaji kuzifuata huko chini, na viwanda vikubwa vikaingia. Music Man walitoa StingRay ya nyuzi tano mwaka 1987, kwa skeli ileile ya inchi 34. Leo gitaa la nyuzi tano ni kitu cha kawaida kwenye bendi za injili na za rumba, na mengi ya magitaa hayo bado yana kipimo kilekile cha mwaka 1951.

Kanuni inayotawala haya yote ilichapishwa mwaka 1636 na Marin Mersenne, mtawa na mwanahisabati wa Ufaransa. Uzi ukirefuka, idadi ya mitetemo yake hushuka kwa uwiano uleule. Ukikazwa, hupanda kwa kipeuo cha pili cha mkazo. Ukiongezewa uzito kwa kila sentimita, hushuka kwa kipeuo cha pili cha uzito huo. B ya chini ina mitetemo 30.9 kwa sekunde, yaani robo tatu ya ile ya E. Mtengenezaji angeweza kuchukua uzi wa E, kuuachia mkazo wake na kuurefusha mpaka ushuke hadi B, lakini skeli ingefika inchi 45, ndefu kuliko ya besi ya kusimama. Angeweza pia kuuacha urefu na unene jinsi ulivyo na kuulegeza tu, na hapo mkazo ungebaki asilimia 56 ya ule wa awali na uzi ungegonga freti kila unapoguswa. Njia iliyobaki ni kuongeza unene, na ndiyo inayotumika.

Hata hivyo unene nao hauongezwi vya kutosha. Kwa hesabu, uzi wa E wenye unene wa inchi 0.105 unahitaji mwenzake wa B wa inchi 0.140 ili mikazo yao ilingane, lakini seti nyingi za madukani zina B ya 0.130 au 0.135, kwa sababu uzi ukizidi hapo huanza kuleta matatizo ya aina nyingine, nitakayoyafikia baadaye kidogo. Kwenye skeli ya inchi 34, katika seti ya kawaida ya chuma kilichopakwa nikeli, G ya 0.045, uzi wa juu na mwembamba kuliko wote, huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 19 na ushei, E ya 0.105 kwa kilo 18 na kidogo, na B ya 0.130 kwa takriban kilo 15.6. B huzaliwa ikiwa imelegea kuliko wenzake, na hakuna fundi anayeweza kuondoa upungufu huo kwa kurekebisha kimo cha nyuzi peke yake.

Sasa tuiongeze hiyo inchi. Kwa uzi uleule na nota ileile, mkazo huongezeka kwa mraba wa urefu, hivyo kutoka inchi 34 kwenda 35 ni ongezeko la asilimia 6, na B yetu inapanda kutoka kilo 15.6 hadi 16.5. Kwenda inchi 36 ni asilimia 12. Tofauti hii inaweza kujaribiwa kwa vidole bila kununua kitu chochote. Vifaa vya kutunia hugawa nusu toni moja katika senti 100. Chukua gitaa la inchi 34, pandisha uzi wa B mpaka kifaa kionyeshe senti 50 juu ya B, yaani katikati ya B na C, na mkazo utakaoukuta hapo ndio ambao uzi huohuo ungekuwa nao ukiwa B kamili kwenye inchi 35. Uendeleze hadi C na utakuwa umefika kwenye mkazo wa inchi 36. Kidole kitahisi tofauti, lakini ni tofauti ndogo, ya aina ambayo mpigaji huizoea kabla ya wimbo kwisha. Ningependa kila anayepanga kubadilisha gitaa kwa sababu ya B iliyolegea afanye jaribio hili kwanza, kwa sababu linamwonyesha kwa dakika chache kiasi halisi cha mkazo anachotaka kukinunua.

Tena kidole hakipimi mkazo moja kwa moja. Uzi mrefu una mkazo zaidi, lakini pia una nafasi zaidi ya kusogea. Ukiusukuma katikati ya urefu wake, upinzani unaoongezeka kwa inchi moja ya skeli ni asilimia 3 tu, kwa kuwa nusu ya ongezeko la mkazo humezwa na urefu wenyewe. Ukiupiga karibu na briji, mahali ambapo umbali wa vidole kutoka kwenye briji haukubadilika, ndipo karibu asilimia 6 yote hufika kidoleni. Ndiyo maana wapigaji wawili wanaweza kulijaribu gitaa moja la inchi 35, mmoja akasema ni gumu na mwingine asione tofauti, na wote wakawa sahihi: mmoja hupigia karibu na briji, mwingine karibu na mwisho wa shingo.

Kiasi hichohicho cha mkazo hupatikana pia kwa kubadilisha uzi. Kutoka B ya 0.130 kwenda ya 0.135 uzito wa uzi kwa kila sentimita huongezeka kwa asilimia 7 hivi, na mkazo huongezeka sawasawa na uzito huo. Kwa lugha ya mkazo peke yake, inchi moja ya shingo ni sawa na sehemu 5 za elfu moja ya inchi za unene wa uzi. Kama mkazo ungekuwa ndio tatizo lote, hakuna mtengenezaji ambaye angejisumbua kuchonga shingo ndefu zaidi.

Sababu ya kujisumbua iko kwenye hamoniki, zile sauti za juu zinazotoka pamoja na mtetemo mkuu wa uzi. Uzi wa kwenye vitabu vya fizikia ni laini kabisa, haupingi kupindwa, na ukipigwa hutoa B ya mitetemo 30.9 pamoja na hamoniki zake zilizopangana kwa uwiano kamili: 61.7, 92.6, 123.5 na kuendelea juu. Uzi wa kweli ni waya wa chuma, na chuma hakipendi kupindwa. Ili kutoa hamoniki za juu uzi unalazimika kujipinda katika vipande vifupi zaidi na zaidi, na ukakamavu wake huviharakisha vipande hivyo, hivyo kila hamoniki husikika juu kidogo ya mahali inapostahili, na kadiri inavyokuwa ya juu ndivyo inavyozidi kukengeuka. Kwenye uzi wa G jambo hili ni dogo. Kwenye B, ambayo ni nene kuliko zote lakini haikuongezewa urefu hata kidogo, ni kubwa mno.

Kukengeuka huko kungeweza kupuuzwa kama tungeisikia B kwa mtetemo wake mkuu, lakini kwa kawaida hatuusikii huo. Kabati nyingi za spika za besi hupoteza nguvu kabla ya kushuka hadi mitetemo 31 kwa sekunde, na sikio la binadamu lenyewe ni zito sana huko chini. Ubongo hujenga B kutokana na hamoniki, kwa kuangalia nafasi zilizopo kati ya moja na nyingine, na ukipata 62, 93 na 124 hukubali kwamba chini yake pana 31 hata kama spika haikuitoa. Hamoniki hizo zikiwa zimekengeuka, kila moja ikielekeza kwenye B yake tofauti kidogo, ubongo hukosa pa kusimamia, na tunachosikia ni ule mvumo ambao watu huuita kulegea. Mara nyingi uzi huo haukulegea kupita kiasi. Hamoniki zake ndizo zisizokubaliana.

Watengenezaji wa piano wamepambana na jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Piano ya tamasha ya Steinway aina ya D ina urefu wa sentimita 274, na nota yake ya chini kabisa, A ya mitetemo 27.5, iko toni moja tu chini ya B yetu. Piano ndogo ya ukutani ina nota hiyohiyo, lakini uzi wake ni mfupi zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kuzipiga zote mbili anajua jinsi nota za chini za ile ndogo zinavyokuwa na ukungu, hata baada ya kutuniwa na fundi mzuri. Gitaa la besi la nyuzi tano ni ala inayojaribu kutoa karibu nota hiyohiyo kwa uzi wa sentimita 86.

Katika eneo hili urefu una nguvu kubwa kuliko kwenye mkazo. Kwa uzi uleule na nota ileile, kukengeuka kwa hamoniki hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu. Inchi 35 hupunguza kukengeuka huko kwa asilimia 11, inchi 36 kwa asilimia 20 na inchi 37 kwa asilimia 29. Kinyume chake, uzi huohuo ukifungwa kwenye besi fupi ya inchi 30, hamoniki zake hukengeuka kwa asilimia 65 zaidi na mkazo hushuka hadi kilo 12 hivi, na ndiyo sababu besi fupi yenye B ya chini ni nadra, na zile chache zilizopo huhitaji nyuzi zilizotengenezwa maalumu. Ukilinganisha namba hizi na zile za mkazo, utaona kwamba inchi moja hununua usafi wa sauti karibu mara mbili ya inavyonunua mkazo.

Hapa ndipo unene na urefu vinapoachana njia. Uzi wa besi una kiini cha waya mmoja, mara nyingi wa pembe sita, uliozungushiwa waya mwingine tabaka juu ya tabaka. Ukakamavu hutoka zaidi kwenye kiini, na hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo uzi mnene uliopata unene wake kwa kiini kikubwa huongeza mkazo kwa mkono mmoja na kuharibu hamoniki kwa mkono mwingine. Mtengenezaji mzuri wa nyuzi hukiacha kiini kikiwa chembamba na kuongeza uzito kwa waya wa nje, ingawa tabaka zikizidi nazo humeza hamoniki za juu na kuufanya uzi usikike umekufa ukiwa bado mpya. Wengine huupunguza unene mwishoni, waya wa nje ukiishia kabla ya kikalio cha briji, ili sehemu inayopinda pale iwe nyembamba. B ya 0.130 ya kampuni moja na B ya 0.130 ya kampuni nyingine zinaweza kutofautiana kwenye gitaa moja kuliko gitaa la inchi 34 linavyotofautiana na la inchi 35, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi katika mjadala mzima. Anayelinganisha magitaa mawili dukani, moja likiwa na nyuzi mpya na jingine likiwa na nyuzi za tangu lilipotoka kiwandani, hajalinganisha skeli.

Kuna kitu kingine ambacho urefu husaidia, nacho huonekana zaidi kwa wanaopiga kwa nguvu au kwa kidole gumba. Uzi ukipigwa kwa nguvu huvutika, mkazo wake hupanda kwa muda mfupi, na nota huanza juu kidogo kabla ya kushuka mahali pake. Mshale wa kifaa cha kutunia huonyesha jambo hili waziwazi kwenye B: huruka, kisha hurudi. Uzi wenye mkazo mkubwa zaidi huruka kidogo, na hutawanyika kidogo pande zote, jambo linaloruhusu kimo cha nyuzi kushushwa bila kelele za freti. Anayepiga kwa ncha za vidole na mkono mwepesi hatanufaika sana na hili.

Gharama ya haya yote iko upande wa pili wa shingo. G iliyokuwa na kilo 19 kwenye inchi 34 hupata kilo zaidi ya 20 kwenye inchi 35, na karibu 22 kwenye inchi 36, ingawa haikuomba msaada wowote. Sauti yake huwa kavu na ya chuma zaidi, hupoteza ule unono ambao mpigaji huutaka anapopanda juu kupiga melodi, na vidole huchoka haraka zaidi. Kwa mtu anayepiga rumba ya Kongo, ambaye wakati wa sebene kazi yake kubwa huwa kwenye nyuzi za kati na za juu, kwa nota fupi za haraka zinazokatwa kwa kiganja, hasara hiyo inaweza kuwa nzito kuliko faida ya B anayoigusa mara chache. Kwa mpigaji wa injili anayeshuka D na C mwishoni mwa kila ubeti na kuzishikilia, mizani huelemea upande mwingine. Anthony Jackson alikwenda mpaka inchi 36 kwenye magitaa yake ya Fodera na akatoa humo sauti ya ajabu kutoka juu hadi chini, lakini alikuwa mpigaji aliyechagua nyuzi zake, mkono wake na nota zake kwa ajili ya chombo hicho.

Kwa kuwa B inataka urefu na G haitaki, jibu la kifizikia ni kumpa kila mmoja urefu wake. Ralph Novak wa Marekani alipata hataza ya mpangilio wa freti zilizotandazwa kama kipepeo cha mkono mwaka 1989, na Sheldon Dingwall wa Kanada akautumia kwenye besi. Kwenye gitaa la kawaida la nyuzi tano la Dingwall, B ina inchi 37, E 36.25, A 35.5, D 34.75, na G inabaki na inchi 34 zilezile alizozizoea kila mtu. Tukiweka uzi wetu uleule wa 0.130 kwenye inchi 37, mkazo unapanda hadi kilo 18.5, karibu sawa na E ya 0.105 kwenye gitaa la kawaida, na hamoniki zinakaribiana kwa namna ambayo inchi 35 haiwezi kuzikaribisha. Nikiulizwa kuhusu sauti ya B peke yake, hili ndilo suluhisho ninaloliamini. Mkono wa kushoto huzoea freti za mshazari upesi kuliko macho yanavyodhani, isipokuwa karibu na nati, ambako freti zimelala zaidi na kidole cha shahada hulazimika kujinyoosha kwenye nyuzi za chini.

Kunyooka kwa mkono ndiko kunakowatisha wengi, na hapa namba zinatuliza. Kwenye inchi 34 umbali kutoka nati hadi freti ya kwanza ni milimita 48.5, na kwenye inchi 35 ni 49.9. Vidole vinne vinavyofunika freti ya 1 hadi ya 4 hutanuka milimita 130 kwenye inchi 34, milimita 134 kwenye inchi 35 na 137 kwenye inchi 36. Kwenye besi fupi ya inchi 30 ni 114 tu. Milimita 4 zilizogawanywa kwa vidole vinne si mzigo kwa mkono wenye afya. Kinachochosha zaidi ni bega, na bega halijali skeli kama linavyojali mahali mwili wa gitaa unapoiweka shingo. Pembe ya juu ya mwili, pale mkanda unapofungwa, ikifika usawa wa freti ya 12, nati hukaa karibu na mpigaji. Pembe ikiwa fupi, shingo nzima husogea kushoto, mkono hunyooka kufikia freti ya kwanza, na kichwa cha gitaa hutaka kuanguka. Gitaa la inchi 35 lenye pembe ndefu linaweza kuwa jepesi kwa mkono kuliko la inchi 34 lenye pembe fupi.

Shingo nayo ina madai yake. Mti uleule ukirefushwa hupinda kwa urahisi zaidi, na shingo inayopinda huchukua nguvu ya uzi na kuiacha nota ife mapema. Kwa hiyo urefu usiosindikizwa na shingo ngumu hupokonya kwa mlango wa nyuma sehemu ya kile ulichokileta mlangoni. Modulus, waliojulikana kwa shingo za kaboni, walitumia inchi 35 kwenye besi zao za Quantum za nyuzi tano. Lakland walichagua inchi 35 kwa 55-94. Michael Tobias vilevile kwa besi zake za MTD. Roger Sadowsky amebaki na inchi 34 kwenye magitaa yake ya New York, na B yake inasifiwa na wapigaji wa studio wenye masikio makali. Watengenezaji hawa wote wanajua hesabu niliyoieleza hapa; wametofautiana tu kuhusu mahali pa kulipia.

Niongeze jambo moja linaloaminiwa bila msingi. Kichwa kirefu cha gitaa, au nyuzi zinazopitishwa nyuma ya mwili badala ya juu ya briji, haviongezi mkazo wa uzi. Mkazo wa nota fulani huamuliwa na urefu unaotetemeka na uzito wa uzi basi. Sehemu zilizo nje ya nati na briji hubadilisha kidogo jinsi uzi unavyonyumbuka unapousukuma, lakini haziifanyi inchi 34 kuwa 35.

Zinabadilisha, hata hivyo, ununuzi wa nyuzi. Seti inayopatikana kwa urahisi madukani ni ya skeli ndefu ya kawaida, iliyokusudiwa inchi 34. Kwenye gitaa la inchi 35 ambalo nyuzi hufungwa juu ya briji, seti hiyo mara nyingi hutosha. Nyuzi zikipitishwa nyuma ya mwili, zile nyuzi za hariri zilizosokotwa mwishoni zinaweza kuangukia juu ya nati au hata freti ya kwanza, na B ikafa kabisa. Kabla ya kununua gitaa la inchi 35 au 37, pima kwa futi kutoka kwenye kitufe cha uzi, pale unaposhikwa kwenye briji, hadi nati, na uulize kama nyuzi za urefu huo zinapatikana mjini kwako au zitaagizwa kila zinapochakaa.

Na unapolijaribu gitaa lenyewe, usiishie kuipiga B ikiwa wazi. Uzi ukibanwa freti ya 12, mkazo wake ni uleule lakini urefu umebaki nusu, na kukengeuka kwa hamoniki huwa mara nne. Hapo ndipo tofauti za skeli, uzi na shingo hujitokeza bila kujificha. Piga B hiyo ya freti ya 12 taratibu, kisha ulinganishe na B ileile kwenye uzi wa E freti ya 7, na E ya freti ya 5 ya uzi wa B ulinganishe na uzi wa E ukiwa wazi. Nota zikisikika kama za ala moja, skeli ya gitaa hilo inatosha, iwe 34 au 35. Zikisikika kama za ala mbili tofauti, angalia kwanza umri wa uzi wa B na mahali kikalio chake kilipo kwenye briji: kikiwa kimerudi nyuma hadi mwisho na nota bado iko juu, badilisha uzi kwa wenye kiini chembamba au uliopunguzwa unene kwenye briji, kisha urudie jaribio kabla ya kuhukumu urefu wa shingo.